Sikio la Sidney Poitier

Katika filamu ya In the Heat of the Night, iliyotoka mwaka 1967, kuna kofi linalosimuliwa mpaka leo. Wasimuliaji wengi huanzia kwenye mkono. Mimi naomba turudi nyuma kidogo, kabla mkono haujainuka.

Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayeigizwa na Sidney Poitier, ameingia katika nyumba ya vioo ambamo tajiri wa mashamba ya pamba, huko Mississippi, anaotesha maua yake. Mzee anampokea vizuri. Anamweleza habari za okidi, kisha kwa sauti ile ile ya upole analifananisha ua hilo na watu weusi: eti nalo halistawi bila kulelewa na kuvumiliwa. Poitier hakunji uso. Anasikiliza kama mgeni mwenye adabu zake, na machoni unaona kila neno limefika na limepimwa. Anauliza swali lake kwa utulivu. Mzee anapong'amua kuwa anahojiwa, anamzaba kofi, na kofi linarudi pale pale, hata pumzi haijapita. Mtumishi mweusi wa nyumba ile amesimama na trei yake ya vinywaji. Mkuu wa polisi, anayeigizwa na Rod Steiger, hajui afanye nini. Wakishatoka wageni, mzee analia.

Mkono wowote ungeweza kupiga. Kofi lile lina uzito kwa sababu tumemwona aliyelipiga akisikiliza mpaka mwisho.

Kusikiliza ndiyo kazi ngumu kuliko zote mbele ya kamera. Waigizaji wengi, hata wenye majina makubwa, wakati mwenzao anazungumza wao wanangoja zamu yao tu. Poitier hakungoja zamu. Na sikio lile alilitafuta kwa jasho.

Alizaliwa Miami mwezi Februari 1927, wazazi wake walipokuwa wamevuka kutoka Bahamas kwenda kuuza nyanya. Alikuja kabla ya miezi yake kutimia, akiwa mdogo hata baba akaandaa boksi la viatu la kumzikia. Akaishi. Alikulia Cat Island, kisiwa kisichokuwa na umeme, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa New York akiosha vyombo migahawani. Siku moja aliona gazetini tangazo la kutafuta waigizaji, akaenda American Negro Theatre kule Harlem. Akapewa karatasi asome. Alisoma kwa kudodosa, kwa lafudhi nzito ya kisiwani, na hakufika mbali: alitolewa nje na kuambiwa akatafute kazi ya kuosha vyombo. Aliyemwambia hivyo hakujua kwamba ndiyo kazi yake, na hilo ndilo lililomchoma.

Akanunua redio. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwasikiliza watangazaji na kurudia wanavyosema, neno kwa neno, mpaka ulimi ukalainika. Kusoma alifundishwa na mhudumu mmoja wa mgahawani, mzee wa Kiyahudi. Usiku, kazi ikishaisha, mzee yule aliketi na kijana mwosha vyombo, gazeti katikati yao, akimweleza mkato ni wa nini na neno refu linavunjwaje. Nikiisikia sauti ya Poitier kwenye filamu, ile inayotua mahali pake kila inapopumzika, humkumbuka mzee yule na mikato yake. Watu husema ni kipaji. Labda kilikuwepo, lakini mimi naona zaidi usiku ule wa gazeti na redio.

Alirudi kwenye jumba lile la Harlem, akakubali kufagia ili apewe masomo. Mwaka 1950 aliigiza daktari katika filamu ya No Way Out. Mwezi Aprili 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora, kwa filamu ya Lilies of the Field.

Kwetu Afrika Mashariki pia alifika. Katika Something of Value ya mwaka 1957, iliyopigwa Kenya wakati Hali ya Hatari haijaondolewa, aliigiza Kimani, kijana wa Kikuyu anayeingia Mau Mau. Na mwaka 1959, mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka vijana kusoma Marekani, Poitier alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kuomba michango, pamoja na mwanamuziki Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Aliyepata shule kidogo tu utotoni alijua anachochangia.

Wapo waliomlaumu, na wengi walikuwa weusi wenzake: kwamba alikubali kuwa mtu msafi kupita kiasi, steringi asiye na tamaa wala hasira, wa kuwastarehesha wazungu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mzigo wake naupeleka kwa walioandika filamu zile. Atakayetaka kuona upande wa pili amtazame katika A Raisin in the Sun ya mwaka 1961. Pale Walter Lee, anayeigizwa naye, ni mtu mzima mwenye uchu na ubinafsi, amepoteza fedha za familia, na Poitier hamfichi hata kidogo. Anaporomoka mbele ya mama yake mpaka mtazamaji anataka kugeuza uso.

Alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 94. Miaka thelathini kabla ya hapo, mwaka 1992, American Film Institute ilipomtunuku kwa kazi ya maisha yake, aliwashukuru wengi, na miongoni mwao alimtaja yule mhudumu wa mgahawani. Alisema hawezi kulitaja jina lake kwa sababu hakulijua kamwe. Akaongeza kuwa siku hizi anasoma vizuri.