Sauti Mbili za Mtu Mmoja: Filamu ya "Don" na Kiswahili cha Vibanda vya Mpanda

Filamu ya Kihindi iitwayo Don, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1978, huhesabiwa miongoni mwa filamu za majambazi na bastola, wala si makosa kuihesabu hivyo. Hata hivyo atakayeifuata kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho ataona kwamba kiini chake ni usemi. Mwigizaji mmoja, Amitabh Bachchan, aigiza watu wawili wenye sura moja, na kinachowatenga ni namna wasemavyo. Jambo hili ni mtihani kwa wale wanaozitia filamu za Kihindi sauti ya Kiswahili kwa ajili ya vibanda vya video, viitwavyo kwa mzaha vibanda umiza. Na mtihani huo ni mgumu zaidi mahali kama Mpanda kuliko Dar es Salaam.

Hadithi yenyewe, iliyotungwa na Salim Khan na Javed Akhtar, ni hii. Don, jambazi mkuu wa Bombay, afa mikononi mwa mkuu wa polisi aitwaye D'Silva, naye D'Silva amzika kwa siri. Kisha amtafuta Vijay, mwimbaji wa barabarani anayewalea watoto wawili wasio wake, amfundisha kuwa Don, na kumpeleka katika kundi la majambazi kama mtu aliyepotewa na kumbukumbu. Baadaye D'Silva auawa, na pamoja naye yafa maarifa ya kwamba Vijay ni Vijay. Polisi wamwinda kwa kuwa ni Don. Majambazi, walipokwisha kumtambua, wamwinda kwa kuwa si Don. Shahidi hakuna, na shajara iliyotegemewa kumwokoa imepotea. Kilichobaki ni kinywa chake tu, nacho hakiaminiwi na mtu.

Aliyeiongoza filamu hii, Chandra Barot, alizaliwa Tanganyika, akafanya kazi ya benki kabla ya kuhamia Bara Hindi katika miaka ya 1960. Alifariki Julai 2025. Ni ajabu kidogo kwamba filamu inayojulikana hivyo kwa watazamaji wa Kihindi ilitoka katika mikono ya mtoto wa Afrika ya Mashariki, na kwamba jambo hilo halitajwi sana huku kwetu. Lakini isidhaniwe kwamba kuna Uafrika uliofichwa ndani ya filamu. Haumo, na kuutafuta ni kupoteza wakati.

Yafaa kutazama jinsi Kihindi kinavyoifanya kazi ya kuwatenga watu hawa wawili. Don asema sentensi fupi, za amri, zenye msamiati wa mjini uliojaa maneno ya Kiurdu. Vijay ni mtu wa pande za mashariki, kando ya mto Ganga, na usemi wake una harufu ya Kiawadhi na Kibhojpuri. Katika Kihindi cha pande zile mtu mmoja hujitaja kwa neno la wingi, hum, mahali ambapo msemaji wa Bombay angesema main. Tena Kihindi kina viwakilishi vitatu vya nafsi ya pili, tu, tum na aap, na kila mara mtu anapomwita mwenzake hapana budi apime cheo chake. Kwa hiyo mtazamaji wa Kihindi hahitaji kuambiwa ni nani anayesema. Amekwisha kujua kabla sentensi haijakoma.

Msimulizi wa Kiswahili hana viwakilishi vitatu. Ana "wewe" tu, na ana sauti moja, yake mwenyewe, atakayoitumia kwa Don, kwa Vijay, kwa Roma anayetaka kulipa kisasi cha ndugu yake, na kwa polisi wote. Sanaa hii haidharauliki. Marehemu Lufufu, aliyekuwa mashuhuri kwa kazi hii Dar es Salaam, hakuwa mtarjumani wa neno kwa neno. Aliongeza, alieleza, alikemea wahusika, na Matthias Krings, katika makala yake, aliifananisha kazi hiyo na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano ni mzuri. Lakini pilau huungwa kwa viungo vya aina nyingi, na msimulizi anayewapa Don na Vijay Kiswahili kilekile cha vijana wa mjini amepika chungu kizima kwa kiungo kimoja. Mtazamaji ataelewa nani kafa na nani kakimbia; hataelewa kwa nini majambazi walichelewa kumshuku Vijay, wala kwa nini mwishowe walimshuku.

Wengine watasema kwamba Kihindi na Kiswahili ni lugha zinazojuana, na kwamba msimulizi aweza kuuegemea ujamaa huo. Ni kweli kwa kiasi. Maneno ya Don yaliyopata umaarufu kuliko yote yadai kwamba kumkamata si mushkil tu bali ni namumkin. La kwanza ni mushkeli wetu. La pili lina asili moja na yamkini, likiwa limetiwa na Kiajemi kiambishi cha kukanusha. Hata hivyo ujamaa huu hudanganya. Mushkil ni neno la kila siku katika Kihindi, hali mushkeli husikika zaidi kwa watu wa pwani na katika maandishi. Kuliweka kinywani mwa Don kwamfanya mzee wa barazani badala ya mtu wa bastola. "Kunikamata si kazi ngumu, ni kazi isiyokuwako" ingekuwa karibu zaidi na ukali wa asili.

Sasa Mpanda. Mji huo ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Uruwira na reli iliyojengwa kutoka Kaliua kuufuata. Mgodi ulifungwa mnamo mwaka 1960, reli ikabaki, na watu wakaendelea kuja. Katika mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa husikilizana kwa Kiswahili pamoja na wafugaji wa Kisukuma na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakakaa Katumba na Mishamo. Kila mmoja huleta ulimi wake: mzoea Kisukuma huelekea kutia l mahali pa r, na mzoea Kirundi hutia r mahali pa l. Masikio ya Mpanda huyapambanua mambo haya upesi sana, upesi kuliko masikio ya wanaofanya kazi ya kuyaandika.

Msimulizi aweza basi kushawishika kumpa Vijay moja ya lafudhi hizi. Kibanda kitacheka, bila shaka. Lakini lafudhi ya Kirundi katika Mpanda si jambo la kuchekesha tu. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani ya wakimbizi walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kwa zaidi ya miaka 40 herufi moja kinywani ilitosha kumtaja mtu kuwa si wa hapa. Hadithi ya mtu anayesema "mimi ni fulani" na asiaminiwe kwa kuwa karatasi haionekani si ngeni kwao. Kumfanya Vijay kichekesho kwa ulimi wa Mishamo ni kuligeuza shitaka la filamu liwaangukie wale ambao filamu inawatetea. Tena si uaminifu kwa asili: Kihindi hakiudhihaki usemi wa Vijay. Kinaupenda.

Njia nyingine iko, nayo imo ndani ya Kiswahili sanifu kabisa: adabu. Don hasalimu mtu, amri zake ni "Leta," "Toka," "Sema." Vijay, aliyelelewa na maskini, angemwamkia D'Silva "Shikamoo, mzee," angesema "naomba" mahali pa "nataka," na angejitaja kwa wingi wa unyenyekevu, "sisi watu wa chini," ambao wakaribiana na hum kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Kisha, akiwa amekaa kitini pa Don mbele ya majambazi, aingie mzee, na lile "shika..." limponyoke nusu kabla hajalimeza. Hakuna mtu wa Mpanda, wa kabila lolote, ambaye asingeshtuka pamoja naye. Nyongeza hiyo haimo katika Kihindi, lakini ni nyongeza ya haki, maana yarudisha kilichopotea.

Don ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Farhan Akhtar na kuigizwa na Shah Rukh Khan, haivumilii matengenezo haya, kwa kuwa mwishoni yafichua kwamba aliyedhaniwa Vijay alikuwa Don mwenyewe. Huko usemi ni vazi, na adabu yote ilikuwa hila. Ni filamu erevu, lakini ni maskini zaidi, na msimulizi ataifaulu bila taabu kwa sauti moja.

Ya 1978 ina wimbo wa paan, uliotiwa baada ya filamu kukaribia kumalizika, wenye maneno ya Anjaan, mtu wa Banaras, na sauti ya Kishore Kumar. Hapo Vijay, akikimbizwa na pande zote mbili, aimba kwa ulimi wa kwao bila kujificha. Msimulizi angefanya vema kuzima kipaza sauti chake mpaka wimbo uishe.