Kukata Penye Uzima

Ziwa Kivu linapiga kwenye kingo za Nyalukemba, mjini Bukavu, mchana kutwa, wala halina tumbawe hata moja. Liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na chumvi yake ni kama gramu moja kwa lita, ilhali tumbawe linadai 35. Mtu wa komini ya Ibanda mjini humo akitaka kulifuga sebuleni, itambidi ajitengenezee bahari: maji yaliyochujwa mpaka yasibakize kitu, chumvi ya kununua kilo tatu na nusu kwa kila lita 100, joto la nyuzi 25 au 26 usiku na mchana. Samaki wetu sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaizoea Kivu kama waliozaliwa humo. Tumbawe halina moyo huo.

Ufundi wa kulifuga mimi nausifu hasa kwa saa yake mbaya, pale nyama inapoanza kubanduka.

Tumbawe gumu ni mnyama, na nyama yake ni utando mwembamba uliolifunika jiwe la chokaa alilojijengea mwenyewe. Mgeni akiona weupe husema limepauka, basi. Fundi huinama, akaelekeza tochi kwa ubavuni. Lililopauka nyama yake ingali juu, imekuwa kama kioo kwa kuwa vimwani vilivyoipa rangi vimeondoka. Vinywa vidogo bado vinafumba na kufumbua, na tumaini lipo. Lililovuliwa nyama weupe wake ni mkavu, vishimo vya jiwe vi wazi, na mpakani nyuzinyuzi za nyama zinapepea kwa mkondo wa pampu. Siku chache baadaye mwani wa kijani unapanda juu ya mfupa. Kwa hiyo kidonda kinasomeka umri wake: kijani ni kifo cha juzi, nyeupe ni cha leo, na mstari ule ndipo kinapoelekea.

Kuna kifo cha polepole, kinachoanzia shinani. Kuna na cha ghafla, tawi zima la tumbawe aina ya Akropora likawa uchi kati ya asubuhi na jioni. Huenda alkali ya maji imeruka, au joto limepanda, au ni bakteria, au minyoo bapa wanaolitafuna. Mara nyingi chanzo hakijulikani kamwe. Asiyejua humimina dawa. Anayejua hupima alkali, akafungua daftari lake, na anachokitafuta humo ni namba iliyohama ghafla, hata kama namba yenyewe ni nzuri kutazama.

Halafu huchukua koleo. Hakati mpakani. Hukata sentimita moja au mbili ndani ya nyama nzima, yenye rangi safi, na hiyo nyama nzuri iliyobaki upande wa kidonda huiacha iende nacho. Hapo ndipo wengi mikono inawatetemeka. Kipande kilichookolewa hukiogesha kwenye maji ya tangi yaliyotiwa iodini, kisha hukibandika kwa supagluu juu ya kijiwe, jeraha likiangalia gundi.

Baharini nako, mwanzoni mwa 2002, matumbawe ya aina ya Montipora na Astreopora yalikufa kwa wingi kwenye miamba ya pwani ya Kenya, na watafiti walikuta kuvu ndani yake. Mwamba mzima hakuna koleo la kuufikia. Lakini baada ya ugonjwa wa kuvua nyama kuzuka Florida, karibu na Miami, mwaka 2014, wapiga mbizi baadaye walipaka amoksisilini iliyofanywa uji mzito ukingoni mwa kidonda, tumbawe moja baada ya jingine. Wengine waliutangulia ugonjwa, wakang'oa matumbawe yaliyokuwa bado mazima na kuyapeleka kwenye matangi ya nchi kavu, baadhi mbali kabisa na bahari. Kwangu mimi ni mkato uleule, ila safari hii bahari ndiyo iliyokuja kuomba hifadhi kwa wafugaji.

Kwa mji kama Bukavu, ambako umeme hukatika bila kuaga, ningemshauri mfugaji kununua betri ya pampu kabla hajanunua taa. Na tawi lake zuri kuliko yote alimegee mwenzake likiwa bado na afya, ikiwezekana mtu wa kabini nyingine ya umeme, ili giza likiingia kwake, kwa huyo kungali na mwanga. Siku akipoteza tangi zima atakwenda huko na ndoo yake.