Armand alijua, akanyamaza

Ukurasa wa mwisho wa Petit Pays umeniudhi kwa mara ya pili, na safari hii sitakaa kimya. Kitabu hicho cha Gaël Faye nimekirudia mwezi huu baada ya kumaliza Jacaranda, riwaya yake iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2024. Nilitaka kuona mkono wake ulikuwaje miaka minane nyuma. Ulikuwa mkono mzuri tangu hapo. Ila pale mwishoni uliteleza, na hakuna aliyeniambia kwa nini tunajifanya hatukuona.

Mnaikumbuka sehemu yenyewe. Gaby amerudi Bujumbura baada ya miaka ishirini ya Ufaransa, ameitwa na vitabu alivyoachiwa na Madame Economopoulos, yule jirani Mgiriki aliyemfungulia rafu zake utotoni. Mwenyeji wake ni Armand, rafiki wa zamani, aliyebaki katika kile kinjia cha Kinanira kisichotokea. Usiku wanakaa kabare, yaani baa ya mtaani, kwenye giza, watu wanaongea bila sura. Gaby anasikia sauti ya kizee ikinong'ona habari za madoa sakafuni yasiyotoka. Ni mama yake mzazi, Yvonne, aliyepotea tangu vita. Hapo ndipo Armand anapomwekea rafiki yake mkono begani na kumweleza kwamba hakujua amwambie vipi, aliona heri ajionee mwenyewe, na kwamba mama huyo huja hapo kila jioni, miaka mingi sasa.

Miaka mingi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nne nikitafuta neno la kumwokoa Armand, sikulipata. Habari za kifo cha jirani na za vitabu vyake zilivuka bahari zikamfikia Gaby huko Ufaransa. Habari kwamba mama yake yu hai, anakaa hatua chache kutoka nyumba waliyokulia, hazikuvuka. Na kuna Ana, mdogo wake Gaby. Huyo naye ana mama. Armand aliamua kwa niaba ya watoto wawili wa mtu, na mwandishi hakumdai maelezo zaidi ya hayo.

Mimi nimekulia Buyenzi, hapa hapa Bujumbura. Vita vilipoanza 1993 watu wetu walitawanyika, wengine Uvira, wengine Kigoma, wengine hatukujua waliko. Habari ya mtu kuonekana hai haikulala nyumbani kwa mtu. Nakumbuka mama mmoja mchuuzi wa ndagala, aliingia uani kwetu alfajiri, beseni kichwani, kandambili mkononi kwa ajili ya tope. Kabla ya salamu akamwambia shangazi yangu, "Kaka yako nimesikia yuko Kigoma, ameonekana sokoni, amekonda lakini anatembea." Hakuwa ndugu yetu, hata jina lake tulilijua nusu. Beseni hakulitua mpaka shangazi alipoketi chini na kuanza kulia, ndipo naye akaketi. Samaki wake siku hiyo waliuzwa jua limeshapanda.

Ndiyo maana Armand simwamini. Mtu wa mji huu, aliyepita yale tuliyopita, anaweza kuficha mengi: kabila lake, chama chake, pesa zake, alipokuwa usiku fulani. Mama wa rafiki yake hamfichi. Watakuwepo watakaonijibu kwamba alisita kwa huruma, maana Yvonne amevunjika akili na hali yake inatisha. Basi huruma hiyo ingemfanya amtayarishe mwenzake. Kumwongoza mtu hadi gizani, umnunulie bia, usubiri asikie mwenyewe sauti ya aliyemzaa, hiyo ni njia ngumu kuliko zote, na Armand tuliyemjua tangu sura za mwanzo si mkatili.

Ufundi wa mwandishi hapo unaonekana ukikaribia. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo sisi tunajua anachojua Gaby tu. Faye anataka tushtuke pamoja naye. Ili tushtuke, kila anayejua lazima anyamaze, na anayejua ni Armand. Basi Armand amezibwa mdomo. Taharuki ya namna hii naiita taharuki ya mkopo, na nimekuwa nikiilalamikia tangu nianze kuandika uchambuzi: mhusika anaficha jambo, lakini faida ya kuficha inakwenda kwa mwandishi. Kipimo chake ni chepesi. Muulize mhusika, wewe unapata nini kwa kunyamaza, au unaogopa nini? Akikosa jibu, ujue kaazimwa. Pia sizipendi hizi sura za miaka ishirini baadaye, wasomaji wangu wa zamani wanajua, lakini kosa hili ni kubwa kuliko chuki yangu hiyo.

Kinachouma ni kwamba kila kitu kilikuwa tayari. Kabare la gizani tulishaingia humo mapema, katika sura ambayo naihesabu kuwa bora kuliko zote kitabuni, watu wakitoa gizani yale wasiyoweza kuyasema mchana. Hicho ni kiangazambele cha halali. Hata sadfa yenyewe naipokea, kwa kuwa kabare ni la mtaa na Yvonne ni wa mtaa. Redio inayopiga Wagner tarehe 21 Oktoba 1993, siku ya mapinduzi, madoa ambayo Yvonne hakuweza kuyatoa kwenye sakafu ya jamaa yake Kigali, kifo cha baba njiani Bugarama: yote hayo yamepigwa sawasawa, sina la kuongeza.

Kezilahabi asingefanya hivi. Katika Kichwamaji, mwaka 1974, Kazimoto anamwona kwa macho yake mtoto wa rafiki yake Manase, kichwa kimekua kupita mwili, kabla mkewe Sabina hajajifungua. Anajua Manase alilala na Pili, anajua na yeye alilala naye. Hesabu ameachiwa yeye, tumeachiwa na sisi, na kurasa zinazofuata huwezi kuzisoma umekaa kitako. Hakuna aliyefichwa, na hofu imezidi. Au tazama Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ambayo kila mwenye nafasi aitafute. Gurnah angeweza kutuficha hadi mwisho kwamba Yusuf ni rehani ya deni la baba yake, na wengi wangempigia makofi. Badala yake anamwachia Khalil, kijana wa dukani mwenye mdomo usiotulia, amwambie mapema kwamba yule tajiri, Aziz, si mjomba wake. Tangu hapo kila tunapomsikia Aziz akiitwa mjomba, moyo unatuchoma. Yule anayejua amesema, na hadithi imepata nguvu.

Ukimya wenyewe sina ugomvi nao. Katika Jacaranda, Venancia hamwelezi mwanawe Milan habari za Rwanda, na ukimya ule ni wake, umetoka kwenye jeraha lake, unamgharimu mtoto na unamgharimu yeye. Faye amekua. Na hapa kwetu Roland Rugero, katika Baho! ya mwaka 2012, alimweka katikati ya hadithi Nyamuragi, bubu anayemwonyesha msichana kwa ishara kwamba anatafuta pa kujisaidia, ikadhaniwa anataka kumbaka, umati ukamkamata. Kwa huyo ukimya ndio riwaya yote. Sijui kwa nini kitabu hicho hakitajwi kila Petit Pays inapotajwa. Nitaendelea kuuliza, kama nitakavyoendelea kuuliza kwa nini vitabu vingi vya Bujumbura vinatupitia sisi Waswahili wa Buyenzi kama adhana inayosikika dirishani, bila kuingia ndani ya nyumba.

Turudi kabare. Ukurasa ule ungetengenezwa kwa kuongeza mistari kumi tu. Armand anamwambia Gaby garini, siku ya kwanza, kabla mizigo haijashushwa. Gaby anajua. Anapita siku nzima mtaani na hawezi kwenda. Giza linaingia, anakwenda. Anakaa, bia iko mbele yake haijaguswa, anaisubiri sauti. Inakuja, inanong'ona habari za madoa yale. Anasogea, anapiga magoti, mkono wa mama unapanda hadi shavuni kwake. Naye Yvonne anamuuliza kama yeye ni Christian, mtoto wa yule jamaa yake, aliyeuawa Kigali. Swali hilo limo kitabuni tayari.

Lingetuangukia na uzito wake wote, maana tungekuwa tumesubiri pamoja na Gaby siku nzima tumsikie mama akitaja jina la mwanawe.