Fundi wa Matuta

Asubuhi, jua likiwa bado chini, mwanga hupiga mteremko kwa ubavu na kila ufa huonekana kwa kivuli chake. Ndipo mzee mmoja wa upande wa Malava, fundi wa matuta, hulikagua shamba. Hutafuta dalili za maporomoko: mti ulioinama, maji yaliyozuka mahali palipokuwa pakavu, ardhi iliyopasuka. Huko Kakamega, jua la asubuhi halimdanganyi mwenyeji: mvua kubwa hunyesha alasiri, na udongo uliokauka juu bado umebeba maji ya jana chini.

Kisha huchukua fremu yake. Ni fito mbili zilizofungwa pamoja kileleni, ya tatu imekingama katikati, na kutoka kileleni unaning'inia uzi wenye jiwe. Kwanza huipima fremu yenyewe. Huisimamisha juu ya vigingi viwili, husubiri jiwe litulie, kisha hutia alama pale uzi unapogusa fito iliyokingama. Huigeuza, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, na kutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Upepo ukitikisa uzi, hungoja. Ukitikisa tena, hungoja tena, mkono haujagusa jiwe.

Kutoka hapo fremu huvuka mteremko mguu kwa mguu, kigingi baada ya kigingi, na mstari hujipinda kufuata umbo la kilima. Ukienda kombo, maji yatakusanyika mahali pamoja na kubomoa tuta.

Ndipo jembe hushikwa. Mtaro huwa na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo wote hutupwa upande wa juu. Hii ndiyo mbinu ya fanya juu, iliyoenea kutoka Ukambani. Kazi inavunja mgongo, lakini yeye hana pupa. Huacha ukingo wa kama futi moja ili udongo usirudi mtaroni, kisha hupanda nyasi ya napia juu ya tuta. Miaka ikipita, shamba huwa ngazi.

Penye ufa hachimbi: mtaro ungeingiza maji ndani ya kilima. Agosti 2007 huko Kuvasali, Kakamega, waliokuwa wakifukua majirani waliofunikwa na maporomoko ya ardhi walifunikwa na maporomoko ya pili. Ukiona ufa mpya juu ya nyumba yako wakati wa mvua, weka jembe chini, hamisha watoto kabla ya alasiri, na umjulishe chifu.