Mkongo si Uzi: Ila Katika Istilahi za Nuru

Neno "mkongo" limeenea nchini tangu Serikali ilipoanza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009. Limepokewa vizuri, wala hapana haja ya kuling'oa. Ila yake ni moja: limeachwa litaje vitu viwili, yaani waya mnene uliofukiwa ardhini, na kila uzi mwembamba wa kioo uliomo ndani yake. Kamba ya magome ya mbuyu husokotwa kwa nyuzi nyingi, lakini Ugogoni hakuna auitaye uzi mmoja kamba.

Katika habari za simu kosa hili halidhuru sana. Katika biolojia linadhuru. Humo wanasayansi huweza kutumia uzi mmoja tu, mwembamba kama unywele, kupeleka nuru ya leza ndani ya kiumbe hai, na kuirudisha nuru inayotolewa na seli zilizotiwa rangi maalumu. Mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Msalato akisoma kwamba "mkongo" umeingizwa katika ubongo wa panya, atamhurumia panya, wala hatajifunza fizikia.

"Nyuzi za kioo" nalo halitoshi. Mashua na matangi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zisizo na kazi ya kupitisha nuru. Na ziko nyuzi za plastiki zenye kazi hiyo. Istilahi haina budi kutaja kazi, si mali ghafi. Twapendekeza "uzi-nuru", wingi "nyuzi-nuru". Mkongo ubaki kuwa fungu la nyuzi hizo lililovikwa ganda.

Istilahi ya pili ni "mng'ao", likitumiwa kwa maana ya fluoresensi. Bati hung'aa kwa kuakisi jua. Kitu chenye fluoresensi humeza nuru ya rangi moja, kisha hutoa nuru yake chenyewe ya rangi nyingine. Tofauti hiyo ndiyo aitegemeayo mtaalamu wa maabara atafutaye vimelea vya kifua kikuu kwa hadubini ya aina hiyo. Hapa ni heri kukopa.

Hata ufafanuzi wataka uangalifu. Kwa desturi husemwa kwamba nuru itokayo ina wimbi refu kuliko iingiayo. Lakini mwaka 1931 Maria Goeppert-Mayer alionyesha kinadharia kwamba atomu yaweza kumeza fotoni mbili kwa pamoja, nishati zao zikijumlishwa. Na hadubini ya kanuni hiyo ilitangazwa nchini Marekani mwaka 1990. Humo nuru ya infraredi huingia, na ya kijani yaweza kutoka, yenye wimbi fupi zaidi. Kwa hiyo "fluoresensi ya fotoni mbili" isifasiriwe "nuru maradufu": mbili ni idadi ya fotoni zimezwazo pamoja, si wingi wa nuru.

Istilahi ikipotoka, mwalimu hubebeshwa kazi mbili: kwanza kuiondoa maana potofu, ndipo afundishe jambo lenyewe.