Injini Iliyovuka Maili Milioni Tatu

Volvo 1800S nyekundu ya mwaka 1966 ndiyo inayoshikilia rekodi ya Guinness ya umbali mrefu zaidi kwa gari lisilo la biashara. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Long Island, New York, aliinunua ikiwa mpya kwa dola 4,150. Septemba 2013, ikiwa Alaska, ilitimiza maili milioni 3, sawa na kilomita milioni 4.8. Injini yake ya lita 1.8 ilifunguliwa mara ya kwanza baada ya maili 680,000, yaani zaidi ya kilomita milioni 1.

Kiwanda kina sehemu yake katika sifa hiyo. Injini hiyo, B18, ina bloku nzito ya chuma, na krenki yake inashikwa na beringi kuu 5, wakati injini nyingi za silinda 4 za enzi hizo zilikuwa na 3. Krenki iliyoegemezwa kila upande wa silinda haipindi kirahisi, hivyo beringi zake huliwa polepole. Injini hiyo haina mkanda wa taiming wa kukatika njiani. Kazi hiyo hufanywa na gia.

Hata hivyo, kilichoiokoa zaidi ni barabara. Gordon alikwenda kazini na kurudi kilomita 200 kila siku. Injini haichoshwi na umbali kama inavyochoshwa na kuwashwa ikiwa baridi. Gari likilala, oili nyingi huteremkia kwenye sampu. Asubuhi, kwa sekunde za mwanzo, vyuma husuguana vikitenganishwa na utando mwembamba tu. Petroli isiyoungua hupenya kwenye ringi na kuizimua oili, na unyevunyevu hujikusanya ndani. Safari ndefu huyachemsha hayo yote yakatoka. Safari ya kufika dukani huyaacha humohumo. Ndiyo maana namba ya dashibodi peke yake ni kipimo kibovu cha afya ya gari kuukuu.

Matunzo yenyewe hayakuwa na siri. Oili na chujio vilibadilishwa kila maili 3,000 hadi 3,500, takriban kilomita 5,000, miaka nenda miaka rudi. Tapeti za B18 hazijirekebishi zenyewe, hivyo fundi huchomeka geji bapa kati ya roka na vali, akaisikilizia mkononi: inapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo. Nafasi ikizidi, injini hulia kama cherehani, na kelele hiyo humtahadharisha dereva mapema. Nafasi ikibana ndiyo hatari, kwa sababu injini hukaa kimya huku vali isiyofunga sawasawa ikiungua ukingoni. Kwa hiyo tapeti hupimwa kwa ratiba ya kitabu cha gari, bila kungoja sauti.

Kabla ya kufikisha maili milioni 3, injini ilifunguliwa mara ya pili. Bloku ilibaki ileile ya 1966.