"Wastani" na "Nafasi": Uhakiki wa Istilahi za Skeli za Upimaji

Ubora wa istilahi hautokani na uzuri wa sauti yake, bali na kazi inayoifanya mbele ya mtumiaji. Tukizitazama hivyo, baadhi ya istilahi zinazotumika katika taaluma ya takwimu zina kasoro. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki mbili miongoni mwake, kwa mifano ya wilaya ya Rungwe.

Yafaa kwanza tukumbushe msingi wenyewe. Mwaka 1946 Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika jarida la Science aina nne za skeli. Ya kwanza hutaja tu: tukiipa kila aina ya mgomba namba yake, namba hiyo ni jina, wala haijumlishwi. Ya pili hupanga: daraja la kwanza hulitangulia la pili, lakini haisemwi kwa kiasi gani. Ya tatu ina vipindi vilivyo sawa, ila sifuri yake ni ya makubaliano tu. Joto la nyuzi 20 za Selsiasi si maradufu ya nyuzi 10, kwani kwa Farenhaiti joto hilohilo ni nyuzi 68 na 50. Ya nne ina sifuri ya kweli, kama kilo za majani mabichi ya chai. Kilo 40 ni maradufu ya kilo 20, na sifuri maana yake hakuna jani.

Sasa tulitazame neno "wastani". Huko Tukuyu mwandishi alionyeshwa fomu ya ofisi moja iliyouliza hali ya barabara za vijijini. Majibu yalikuwa matatu: mbaya, wastani, nzuri, nayo yalipewa namba 1, 2 na 3. Baadaye namba hizo zilijumlishwa na kugawanywa, na taarifa ikasema kwamba wastani wa hali ya barabara ni wastani. Hapa neno moja limebebeshwa dhana mbili: daraja la katikati, na hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Tuchukue barabara mbili, moja nzuri na moja mbaya. Hesabu hutoa 2, yaani "wastani", ingawa hakuna hata moja iliyo hivyo. Namba za kupanga zimetendewa kama kilo.

Jambo hili si la darasani tu. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na majani ya chai yakishachumwa hayangoji. Yakichelewa kufika kiwandani huharibika. Mkulima aliye kwenye barabara mbovu hawezi kuokolewa na barabara nzuri ya jirani yake, na fomu inayozichanganya barabara hizo mbili humfanya asionekane.

Neno la pili ni "nafasi". Wako waliopendekeza "skeli ya nafasi" kwa ile ya tatu, kwa kuwa nafasi ni uwazi ulio kati ya kitu na kitu. Hoja yao ina mantiki, lakini imesahau matumizi. Kila mwanafunzi anajua maana ya kushika nafasi ya tano. Kwake nafasi ni mpangilio, yaani skeli ya pili. Istilahi inayompeleka msomaji kwenye dhana ya jirani ni mbaya kuliko kukosa istilahi.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Sarufi yake hutenga "watoto wawili" na "mtoto wa pili", yaani idadi na mpangilio. Saa zetu nazo ni somo kamili la skeli ya tatu. Mchumaji aliyeanza saa mbili asubuhi akamaliza saa nne amefanya kazi kwa saa mbili. Na kwa hesabu ya Kizungu, kuanzia saa 8 hadi 10, muda ni uleule. Sifuri imehama, kipindi hakikubadilika. Lakini hakuna anayesema kwamba saa nne ni maradufu ya saa mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza skeli ya majina, skeli ya mpangilio, skeli ya vipindi sawa na skeli ya uwiano. Neno "skeli" limekwisha kuzoeleka katika ramani, nalo litakipunguzia "kipimo" mzigo wake. "Wastani" libaki kwa hesabu pekee, na katika fomu daraja la katikati liitwe "ya kadiri". Itasemwa kwamba wastani kwa maana ya katikati ni matumizi ya zamani. Ni kweli, wala hatukusudii kuyafuta katika mazungumzo. Tunachoomba ni kwamba fomu moja isilitumie neno hilo kwa maana mbili.

Wasomaji wetu, hasa walimu wa hisabati na watayarishaji wa fomu, wanaombwa watuletee maoni yao.